Pweza Hafungiwi Mlango

Shangazi yangu huvua pweza kwa miguu tangu kabla sijazaliwa. Kila bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yanapokupwa mwamba ukabaki wazi, hushuka na wenzake, kila mmoja na chuma chake, wakichungulia tundu moja moja. Kwa hiyo niliposikia kwamba Kisiwa Panza na Kukuu, kusini mwa Pemba, wamekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, nilimwendea yeye kabla ya kusoma lolote. Alicheka, akasema pweza hafungiwi mlango.

Ukweli ni kwamba anafungiwa, na sababu ni maisha yake mafupi. Huishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo, na katika muda huo hunenepa kwa kasi ambayo samaki wengi hawaikaribii. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni akiyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kumwacha miezi miwili au mitatu tu kunatosha kuongeza uzito wake mara kadhaa. Wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walilijaribu jambo hili mwaka 2004, na wengi katika pwani hii ya Bahari ya Hindi wamejifunza kwao.

Linalonitia wasiwasi ni siku ya kufungua. Wazamiaji wenye miwani na wageni wa dago, wavuvi wanaopiga kambi mbali na kwao, hufika mapema, na mwamba uliopumzishwa miezi mitatu unaweza kumalizwa kwa bamvua moja. Mzamiaji, mwamba ukifungwa, huhamia maji ya kina. Mwanamke anayetembea kwa miguu hana pa kuhamia. Ndiyo maana naona wanawake hao ndio wangestahili kuamua ni wapi pafungwe na lini pafunguliwe, na siku za mwanzo ziwe zao.

Vilevile pweza anahitaji tundu, na tundu ni kazi ya matumbawe. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya ukanda huu yakapauka na kufa, na mwaka 2016 yalipauka tena. Yaliyobaki huvunjwa na wavu wa juya unaoburutwa juu yake. Miezi mitatu haiwezi kuyarudisha, wala haimtoshi samaki kama chewa, ambaye hukua kwa miaka. Kuruwitu, huko Kilifi, walitenga eneo lao la bahari mwaka 2005 lisivuliwe tena, wakiwa na subira ya namna nyingine kabisa, na sipendi subira hizo mbili zinapotajwa kana kwamba ni moja.

Kijijini kwetu mwamba bado haujafungwa. Bamvua lililopita shangazi alirudi na pweza wawili, mmoja wao mdogo kama kiganja. Nilimuuliza kwa nini hakumwacha huyo akue.

“Ningemwacha, mwanangu,” alijibu, “anayenifuata nyuma angemchukua.”