Lipu ya simenti kwenye nyumba ya bibi

Siku lipu inadondoka nilikuwa nimekaa barazani na bibi, mwezi wa 5 mwaka 2012, masika ndo yanaishia, tukasikia puu! ndani kama mtu kaangusha kabati. Kuingia chumba cha kati tunakuta kipande cha lipu ukubwa wa mlango kimelala kitandani, na nyuma yake tumbawe, jiwe la baharini lililojengea ukuta, liko wazi limelowa, ukiligusa linamomonyoka kama sukari iliyoingia maji, na lina unga mweupe mweupe. Nikauonja, chumvi.

Lipu ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetoka kumaliza chuo cha ujenzi Dar, nikaona nyumba ya wazee pale Mji Mkongwe Bagamoyo inatia aibu, chokaa imebanduka banduka, nikanunua mifuko ya simenti nikaita vijana wakapiga kuta zote, nje na ndani. Bibi aliniambia "mjukuu wangu, hii nyumba ni ya chokaa hii", nikamwitikia tu ndiyo bibi.

Basi bibi akaagiza aitwe fundi mmoja mzee sana. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, hakunigombeza hata kidogo, akachukua tindo akawa anagonga ukuta huku ametega sikio. Akasema tumbawe linavuta maji toka chini, mchanga wa pwani huu, na maji yanakuja na chumvi yake. Kwenye chokaa yanapenya yanatoka, upepo unayakausha. "Sasa wewe baba umeyafungia, yatokee wapi?" Halafu akapanda ngazi akachoma kisu kwenye ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani, kikazama mpaka mpini. Niliumia sana. Boriti za mikoko zile zimebeba dari toka bibi hajazaliwa, na ndo zimefanya vyumba viwe vyembamba, maana haziendi mbali, kama mita 3 hivi, mimi chuoni nilikuwa nadhani wazee walishindwa kuchora vyumba vikubwa.

Tukabandua simenti yote, wiki 2 za nyundo na vumbi. Chokaa tuliagiza ya mawe, ya Tanga, sio ya kuchoma matumbawe kama zamani, matumbawe ndo nyumba ya samaki bwana. Siku ya kuizima, yaani kuitia maji, mzee alinisogeza nyuma, maji yalipoingia shimoni ikachemka yenyewe bila moto, inatoa mvuke inarukaruka kama uji mzito. Hesabu zake nilikuwa nazijua toka chuo, kwamba simenti inataka tanuru la nyuzi 1450 na chokaa 900 hivi, na kwamba chokaa ikikauka inarudisha ndani yake hewa ya ukaa iliyotoka wakati wa kuchomwa, nilijibia mtihani nikafaulu, lakini kuishika ndo siku ile.

Mwaka 2022 Francis Kéré wa Burkina Faso alivyopata Pritzker, ile tuzo kubwa ya wasanifu majengo, mtu aliyejenga shule ya kijijini kwao Gando kwa matofali ya udongo na bati lililoinuliwa joto lipite, nilimkumbuka mzee wangu yule. Vyuo vyetu viwaite wazee kama hawa wafundishe wakiwa bado wapo, nasema kwa uchungu kabisa.

Boriti 4 tulibadilisha. 11 zilizobaki mzee alizigonga moja moja akasema hizi ziacheni, na ndo zimebeba dari mpaka leo.