Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa kemia, Malindi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi napitia kwa muuza nyama wa Barani, ambaye huniwekea damu ya mbuzi katika kichupa. "Damu hailiwi, mwalimu, nawe kila muhula waitaka," hunitania, na wateja hucheka.

Saa mbili, maabarani, tunatayarisha jaribio la luminoli, dawa inayong'aa gizani ikikutana na damu. Tunapaka vigae vikavu visivyong'arishwa: kimoja damu, ambayo fundi wa maabara huisugua kwa sabuni mpaka jicho lisione kitu, kingine maji ya klorini ya kutolea madoa, kingine mrututu, yaani salfeti ya shaba. Kipo pia kigae chenye damu ya wiki iliyopita, na kimoja kisafi kabisa.

Saa nne ni nadharia na kidato cha tatu. Luminoli ikiyeyushwa katika maji ya alkali pamoja na haidrojeni peroksidi haitendi lolote la maana hadi ipate kichocheo, na chuma kilichomo katika himoglobini ndicho kichocheo chenyewe. Luminoli huoksidishwa, hupoteza naitrojeni, na zao lake huzaliwa likiwa na nishati ya ziada, ambayo hulitoka kwa umbo la mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 425, bila joto la kuhisika. Mwanakemia H. O. Albrecht aliueleza mwanga huo mwaka wa 1928. Mwaka wa 1937 Walter Specht wa Ujerumani akapendekeza utumiwe kutafuta damu mahali pa uhalifu.

Saa nane tunaziba madirisha kwa mablanketi. Ni msimu wa kaskazi, na chumba kinageuka tanuri. Dawa huchanganywa wakati huo huo, kwa sababu haikai.

Tunanyunyiza. Kigae kilichosuguliwa kinatoa mwanga hafifu, kwenye vitundu ambavyo sabuni haikufika. Kile cha wiki iliyopita kinang'aa zaidi, kwa kuwa chuma cha damu iliyozeeka kimekwisha kuoksidishwa na huchochea vyema zaidi. Darasa linashangilia. Kisha klorini nayo inawaka, tena kwa kumetameta na kuzimika upesi, na mrututu unafuata. Shangwe inakatika, na hapo ndipo somo ninalolitaka linapoanza.

"Basi, mwalimu, hiki si kipimo cha damu?" anauliza msichana wa mbele.

Namjibu kwamba ni kipimo cha kuelekeza tu: humwonyesha mpelelezi pa kuchukua sampuli, wala hakimwambii kama damu ni ya mtu au ya mbuzi. Hilo huamuliwa na vipimo vya protini za binadamu, na umiliki wake na DNA, ambayo kwa kawaida luminoli haiiharibu. Mahakamani, mng'ao peke yake haupaswi kumfunga mtu, hasa nyumba ikiwa ilipigwa deki kwa klorini siku hiyo hiyo.

Saa kumi wanaandika ripoti. Nimewataka waeleze kwanza kigae cha mrututu.