Masomo ya jinsia yameniharibia vikao vya harusi

Mwenzenu nilichukua kozi ya jinsia chuo kwa sababu ratiba yake ilikuwa inaniruhusu kulala asubuhi, basi. Sasa hivi siwezi kukaa kikao cha harusi nikala soda yangu kwa amani.

Mwanzo wala haikunigusa. Tukafundishwa jinsi ni ile ya kuzaliwa nayo na jinsia ni mambo unayopangiwa na jamii, sawa, tukaingia kwenye lugha jumuishi, na hapo karibu kila kitini kinahangaika na Kiingereza na viwakilishi vyake vya mwanaume na mwanamke. Majamaa wanaokaa nyuma darasani wakafurahi kweli, wakasema sisi hayatuhusu, Kiswahili "yeye" ni wa wote na mwenyekiti ni mwenyekiti tu awe baba awe mama. Na mimi nikaona wana pointi.

Halafu nikaenda kikao cha harusi ya binamu yangu. Bi harusi ana nyumba yake Kinyerezi, wamekubaliana watahamia huko maana binamu bado anakaa nyumba ya kupanga, baba mdogo mmoja akadakia "huyu haoi, huyu anaolewa!" Watu wakacheka mpaka katibu akaacha kuandika michango, binamu mwenyewe akacheka ila kile kicheko cha kujikaza. Mimi nikabaki nawaza, hilo neno kwa dada zake ni heri na vigelegele, likimwangukia yeye linakuwa tusi. Kwa hiyo hao wa nyuma na "yeye" yao, haya.

Na sio maneno tu jamani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 13, umri wa chini wa kufunga ndoa ni mvulana miaka 18, msichana 15. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda Mahakama Kuu kukipinga, 2016 akashinda, serikali ikakata rufaa, na moja ya hoja zake ni kwamba wanawake na wanaume wako tofauti kimaumbile kwa hiyo umri kutofautiana sio ubaguzi. Niliposoma ile hoja nilirudia mara mbili, maana ndio jinsi na jinsia za wiki ya kwanza kabisa, zimechanganywa mbele ya majaji! Mahakama ya Rufani ikaikataa Oktoba 2019 ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe, mwaka ukaisha kifungu kiko vile vile.

Kitu kinachonichosha ni ile "ufeministi mmeletewa na wazungu". Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapa hapa Dar, na mwaka 1955 alipoanza kuwaingiza wanawake TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru, alipitia humo humo kwenye vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe na wauza maandazi, hakuna kitini wala projekta. Ila niseme ukweli, hata darasani kwetu alipata slaidi moja, wananadharia wa Ufaransa na Marekani wakapata wiki nne. Hapo nawalaumu walimu.

Nyumbani mama ananiuliza hiyo kozi itanipatia kazi gani, namwambia mama tulia, ananiambia tulia wewe kwanza uolewe. (Naona kama ananichokoza makusudi.)

Sasa hivi natafuta mada ya utafiti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba na watatu kati yao wawe wanawake, na kwenye makaratasi hao watatu huwa wapo. Nataka nikakae kwenye mabaraza yenyewe nisikilize nani anaongea, anakatizwa na nani, na mjane akija kudai shamba hao watatu wanasema nini. Msimamizi wangu anasema mada ni pana mno nipunguze, mimi nimeshapunguza mpaka kijiji kimoja, kama kuna anayejua mwenyekiti wa kijiji mstaarabu upande wa Kisarawe aniunganishe.