Popi hagusi tena nyama ya ng'ombe

Kumpikia mbwa mwenye mzio wa chakula si kazi. Sufuria moja, jiko la gesi, muda wa kusikiliza taarifa ya habari, kwisha. Kazi ni kuhakikisha kwamba kwa wiki nane mfululizo hakuna mtu wala kuku anayemwachia mbwa huyo hata tonge la kitu kingine. Na nyumbani kwetu hapa Msaranga, Moshi, kuna watoto, mlinzi wa usiku, kuku wanaozurura, na jirani mwenye huruma kupita kiasi.

Popi tuliachiwa na shemeji yangu alipohamia Dar. Ni mbwa mdogo wa manyoya meupe, kilo tano akiwa ameshiba, na alikuja na kikapu chake pamoja na muwasho wake. Alikuwa akilamba miguu mpaka manyoya ya katikati ya vidole yakawa na rangi ya kutu, maana mate ya mbwa hupaka rangi hiyo manyoya meupe. Masikio yalikuwa mekundu ndani na yenye harufu. Tumboni alikuwa na vipele. Alikuwa anakula wanachokula mbwa wengi wa hapa mjini: ugali, supu ya mifupa ya ng'ombe, mapafu ya buchani, dagaa siku nyingine, na mtori wa ndizi ukibaki.

Daktari wa mifugo tuliyempata hakuanza na chakula kabisa, na hilo lilinifanya nimwamini. Alianza na viroboto, kwa sababu mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto anaweza kujikuna mgongo mzima hata ukimkuta na kiroboto mmoja tu. Kisha akamkwangua ngozi kidogo na kuangalia kwenye hadubini kama kuna vijidudu vya upele. Masikio akayatibu kwa dawa ya fangasi. Popi akapata nafuu, halafu mambo yakarudi pale pale. Tulikuwa katikati ya Julai, ile baridi ya Moshi ya kuvaa sweta asubuhi, na bado anajikuna. Daktari akasema mzio wa chavua mara nyingi una majira yake, lakini wa chakula haujui masika wala kiangazi.

Nikamuuliza kama kuna kipimo cha damu. Akaniambia kwa mzio wa chakula cha mbwa vipimo hivyo havitegemewi. Njia ya kuaminika ni kumwondolea vyote alivyowahi kula, kumpa nyama moja na wanga mmoja ambavyo mwili wake haujawahi kukutana navyo, kusubiri, halafu kurudisha kimoja kimoja. Sindano ya kuzuia muwasho ipo, na Popi alishachomwa, lakini ni steroidi: inatuliza kwa muda, mbwa anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi na kukojoa kila kona, kisha dawa ikiisha mwilini unaanza upya. Chakula maalumu cha madukani chenye protini iliyovunjwavunjwa ili mwili usiitambue kingebidi kiagizwe kutoka mbali, na bei yake niliipigia hesabu mara moja tu, sikurudia.

Mtaani kila mtu alikuwa na mkosaji wake, na aliyetajwa zaidi ni dona. Kumbe mbwa wengi wenye mzio wa chakula wanasumbuliwa na protini za nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano. Mahindi yamo kwenye orodha, ila hayako juu.

Sasa tafuta nyama ambayo mbwa wa Moshi hajawahi kula. Ng'ombe, hapana. Kuku, hapana. Samaki, kashakula dagaa. Kitimoto, jirani alikiri kwamba humtupia kila Jumamosi. Mbuzi nilimfikiria, daktari akasita: mbuzi, kondoo na ng'ombe wana undugu, na mwili unaomkataa mmoja wakati mwingine humkataa na mwenzake. Tukabaki na sungura. Kwa wanga, ndizi zilishatoka kwenye orodha kwa sababu ya ule mtori, wali na ugali ndiyo usiseme, kwa hiyo tukachukua viazi vitamu kutoka soko la Mbuyuni.

Sungura hawauzwi kwenye kila bucha. Niliwapata kwa kijana anayewafuga Uru, nikamwomba awachinje huko huko na kuniletea waliokwisha kuchunwa. Nilikuwa na sababu. Mara ya kwanza alileta mmoja mzima, na kabla sijatoka ndani mwanangu mdogo alikuwa ameshampa jina. Huyo sungura yupo mpaka leo nyuma ya nyumba, anakula majani ya karoti.

Mama yangu aliposhuka kutoka Kibosho akakuta nachambua nyama mezani, akauliza ni ya mgonjwa gani. Nikamwambia.

"Mwanangu, mbwa anakula sungura, na sisi tunakula maharage?"

"Ni dawa, mama."

"Dawa." Akaisema kwa namna ambayo sikujibu tena.

Mapishi yenyewe ni haya. Nyama ya sungura naichemsha kwa maji matupu mpaka iachane na mfupa. Chumvi siweki. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni marufuku, si kwa ajili ya mzio bali kwa sababu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Ndiyo maana vile viungo vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi navyo havikaribii sufuria hii. Kisha naondoa mifupa yote kwa vidole. Hapa pana uvumilivu, maana mbavu za sungura ni nyembamba kama njiti, na mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Viazi namenya, nachemsha, naponda. Nachanganya, naongeza kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, kwa kuwa sungura hana mafuta na ngozi ya mbwa inayataka.

Kwa mbwa mzima wa kilo tano aliyehasiwa, daktari alikadiria kalori 350 hadi 400 kwa siku. Kwa vipimo vya jikoni kwangu ilikuwa kama gramu 120 za nyama na gramu 180 za viazi, zikipimwa kabla ya kupikwa, zigawanywe asubuhi na jioni. Mizani ya jikoni ni lazima. Kwa mbwa wa kimo hiki kijiko kimoja cha ziada kila siku ni kitambi baada ya miezi michache. Kumpima uzito yeye ni rahisi: napanda kwenye mizani nikiwa nimembeba, napanda tena peke yangu, natoa. Nilikuwa napika cha wiki nzima, nagawa kwenye vikopo, na kuweka kwenye friza. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kilichoyeyuka na kupata joto namwaga, hata roho ikiuma.

Sasa turudi kwa watu. Watoto niliwaelewesha kwa kuwapa kazi: wao ndio walimpa Popi chakula chake kwa zamu, na wakawa wakali kuliko mimi. Mlinzi aliona ni dharau mbwa kulala bila ugali. Nilimwonyesha zile nyayo nyekundu kwa tochi, akaelewa. Jirani ilibidi nimwendee na mkungu wa ndizi ndipo nimwombe. Kuku sasa. Pumba za kuku zina mahindi, dagaa, wakati mwingine soya, na Popi alikuwa akilamba chombo chao kila asubuhi kabla sisi hatujaamka. Nilihamishia chombo ndani ya banda na kuweka kizingiti ambacho kuku anaruka na Popi haruki. Hata dawa ya minyoo ilibidi iangaliwe, kwani nyingi za mbwa hutengenezwa zikiwa na ladha ya nyama ya ng'ombe au kuku ili zimezwe kwa furaha. Daktari akatupa isiyo na ladha, na tukammezesha kwa vita.

Wiki za mwanzo sikuona tofauti yoyote, na nilikuwa nimeambiwa nitegemee hivyo. Tumbo hutulia mapema, ngozi huchelewa. Kuelekea mwisho wa mwezi wa pili mke wangu ndiye aliyegundua kwamba tunalala usiku kucha. Zamani ile kelele ya kulamba na mlio wa kola ilikuwa inatuamsha.

Wengi huishia hapo kwa furaha, na mimi nilitaka sana kuishia hapo. Lakini bila kurudisha vyakula vya zamani hujui mkosaji ni nani, na sikuwa tayari kununua sungura mpaka uzee. Tukaanza na kuku: kipande kidogo cha kuku wa kuchemsha kila siku kwa wiki mbili, pamoja na chakula kile kile. Kimya. Yai, kimya. Nyama ya ng'ombe haikuhitaji wiki mbili. Ndani ya siku chache miguu ilianza kulambwa na sikio la kushoto likawa jekundu. Tukaacha, tukamrudisha kwenye sungura na viazi mpaka akatulia, ndipo tukajaribu maziwa, na maziwa nayo yakamwasha. Ni jambo la kutarajiwa, maana baadhi ya protini za maziwa zimo pia kwenye nyama ya ng'ombe. Ugali ulitoka bila kosa, na nilifika kumwambia mlinzi mwenyewe.

Kwa hiyo Popi sasa anakula kuku, viazi vitamu au wali, karoti na boga kidogo, na ini la kuku mara moja moja. Kuku ni nafuu kwangu kuliko sungura, na mama amepunguza maneno.

Jambo moja lilibadilika majaribio yalipoisha na chakula hiki kikawa cha kudumu. Nyama bila mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mbwa akikosa kalsiamu kwenye chakula mwili unaichota kwenye mifupa yake. Wakati wa majaribio tulitumia vidonge vya kalsiamu visivyo na ladha. Sasa natumia maganda ya mayai: nayaosha, nayachemsha, nayakausha kwenye oveni, na kuyasaga kwenye kile kisagio cha kahawa mpaka yawe unga laini kabisa. Kijiko cha chai kilichojaa kina karibu gramu mbili za kalsiamu. Popi anapata robo yake kwa siku. Bado hiyo haitoshi. Zinki, shaba, iodini, vitamini D na E haziji zenyewe kwa kuku na viazi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchambuzi wa mapishi 200 ya mbwa ya nyumbani, na asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja. Yangu yangekuwa humo humo. Daktari alituagizia unga wa vitamini na madini wa mbwa usio na ladha ya ng'ombe, na ndicho kitu ghali zaidi kwenye bakuli lile. Kuna rafiki alinishauri ninunue madini ya ng'ombe kwenye duka la pembejeo na kumpa kiasi kidogo. Hapana. Kipimo kilichotengenezwa kwa mnyama wa kilo mia nne sitakikisia kwa kidole.

Mbuzi bado hatujamjaribu. Sungura wawili waliochunwa nimewaacha chini kabisa ya friza, kwa sababu Krismasi inakuja, mishikaki itachomwa uwanjani, wageni watashuka kutoka mlimani, na kwa wale siwezi kwenda na mkungu wa ndizi mmoja mmoja.