Kinyama kwenye ufizi

Leo asubuhi nyuzi za mshono zimetolewa. Ulimi bado unakwenda palepale, kati ya meno mawili ya mbele ya juu, kukitafuta kitu ambacho hakipo tena.

Kilianza kama punje ya mchele, kikakua kikawa kama harage lenye kikonyo. Hakikuniuma, na hilo ndilo lililonidanganya miezi mitano. Kilikuwa kikitoka damu tu nikipiga mswaki, basi nikawa nasafisha kandokando, pale sigusi. Kumbe nilikuwa nakilea. Ukoga uliobaki uliganda ukawa ugaga mgumu, ugaga ukazidi kuuchokoza ufizi, na ufizi unaochokozwa kila siku huweza kuota nyama. Usiku nililala na neno moja, saratani, na sikumtamkia mtu.

Daktari wa meno aliuliza kwanza: kimeanza lini, nina mimba, natumia dawa gani? Hilo la dawa lilinishangaza. Akanieleza kwamba fenitoini ya kifafa, siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo, na dawa za shinikizo la damu kama nifedipini huweza kunenepesha fizi, ila mara nyingi huwa kwenye meno mengi, si sehemu moja kama kwangu. Akakibonyeza, akayagongagonga meno jirani kuona kama kuna jino lililokufa linalosukuma usaha, kisha akapiga eksirei kuangalia mfupa.

Nikamwomba anitajie jina la ugonjwa. Akakataa. Kuna kile chekundu kinachovuja damu kikiguswa tu, kuna kigumu chenye rangi ya ufizi wenyewe, kuna cha zambarau chenye seli kubwa ndani yake. Vyote si saratani, lakini hufanana, na ipo saratani inayofanana navyo. "Jicho langu linakisia," alisema. "Hadubini ndiyo itakayosema."

Nilikumbuka dada yangu, aliyeota kimoja mimba ikiwa ya miezi saba. Yeye alisafishwa meno tu, akaambiwa asubiri, na baada ya kujifungua kikanywea chenyewe. Nami nikaomba kusubiri. Haikuwezekana: chake kilikuwa kikichochewa na homoni za ujauzito, changu hakikuwa na sababu ya kunywea.

Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma, mengine niliyasikia kwa masikio. Alikata hadi kwenye utando unaofunika mfupa, kwa kuwa kikibaki kishina chake huota tena. Kisha akakwangua ugaga kwenye meno ya pembeni, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kukata. Kinyama chenyewe alikitumbukiza kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, akaandika jina langu. Nilikitazama kichupa kile kwa hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kitu kidogo hivyo. Siku nane nilizosubiri majibu ya maabara, nilikula bila kujua ninakula nini.

Majibu nimesomewa leo, kabla ya nyuzi kuguswa. Ni uvimbe wa nyuzinyuzi wenye chembe za mfupa ndani yake. Si saratani. Nililia palepale kwenye kiti, daktari akaningoja nimalize.

Baada ya miezi mitatu nitarudi akague, maana aina hii ina tabia ya kurudi. Jioni hii nimepitisha mswaki laini pale kwa mara ya kwanza, polepole. Nimetema povu, nikalitazama. Lilikuwa jeupe.