Nsansa za porini, kabla ya kufika Tabora

Mpaka Dodoma sina la kusimulia zaidi ya bei. Tuliondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, na kama si mizigo niliyokuwa nampelekea mama mkubwa Tabora ningepanda treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inafika Dodoma, nikaunganisha basi huko. Lakini ndoo, magunia na godoro huwezi kuvihamisha hamisha njiani. Basi likaingia kwenye hoteli moja ya barabarani, tukapewa dakika ishirini. Chipsi na kipande cha kuku shilingi 10,000, soda 1,500, choo 500. Chipsi zilikuwa zimepoa na kulegea. Nikauliza kama kuna wali na mboga yoyote ya majani, hata mchicha. Dada wa kaunta akajibu bila kuinua macho: "Mboga hatupiki, watu wa safari hawali mboga."

Jibu hilo liliniudhi kuliko bei. Kutoka Chalinze hadi Manyoni tumepita kwenye matembele, maboga, kunde na mihogo imeota hadi ukingoni mwa lami, na abiria hana pa kupata majani ya kushushia ugali. Nani alituuliza?

Baada ya Itigi miji inakwisha, unabaki msitu wa miyombo kulia na kushoto na mizinga ya nyuki imetundikwa juu ya miti. Kile kipande cha Chaya hadi Nyahua kilichokuwa vumbi na mashimo miaka ya nyuma sasa ni lami, na dereva akakanyaga mafuta kama anayefukuzwa. Ghafla moshi mweupe ukapanda mbele. Rejeta. Bomba la maji limepasuka, maji yote yamemwagika barabarani. Kondakta akatutangazia dakika kumi. Dakika kumi zikawa saa nzima, ikaja ya pili, kisha tukaambiwa kijana amepanda bodaboda kurudi Itigi kutafuta bomba. Jua lilikuwa limeshaanza kulala.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mtu mzima anayekwenda Urambo. Tangu Morogoro alikuwa amepakata kikapu kilichofunikwa kwa khanga na hakukiweka chini hata mara moja. Alipoona watoto wa nyuma yetu wameanza kulia njaa akasimama, akaniambia, "Mwanangu, nishikie kikapu, tushuke. Hapa hatulali na njaa."

Hatua chache kutoka barabarani palikuwa na mji wa wafuga nyuki, nyumba mbili za tofali za udongo na jiko la nje. Mama akapiga hodi, akasalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," ingawa ilikuwa jioni, wenyewe wakacheka na vicheko vile vikafungua mlango kuliko salamu yenyewe. Akaomba sufuria, moto na kinu. Mwenye nyumba, dada wa makamo mwenye mtoto mgongoni, akasema unga upo lakini mboga imeisha tangu mchana. Mama akafunua khanga. Ndani mlikuwa na mfuko wa majani makavu, meusi, yaliyojikunja.

Nilizijua kabla hajasema kitu. Nsansa.

Kwa wasiozifahamu: ni majani machanga ya kunde, yanachumwa wakati wa mvua, yanachemshwa kidogo, yanaminywa na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa. Tabora ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo bustani zinakauka. Mwenye nsansa ndani ana mboga hadi mvua nyingine. Wataalamu wa lishe wanasema ukianika kivulini vitamini hazipotei sana kama juani, ila sijaona bibi wa Kinyamwezi akianika kivulini, jua ndilo linalozipa ladha.

Mama akaziloweka kwenye maji ya vuguvugu. Maji yalipogeuka rangi ya chai ya rangi akayamwaga, akatia mengine, akayasugua majani kwa viganja vyote viwili, taratibu, akitafuta mchanga kwa ncha za vidole. Maji ya tatu yakabaki meupe. Akabandika. Mimi nikapewa karanga mbichi nitwange, na kila nikiinua mchi nikidhani zimelainika ananiambia, "Bado, hizo bado zina meno." Majani yalipoiva akatia kitunguu kimoja na chumvi, akamimina karanga zile zilizokuwa unga mzito, akapunguza moto, na hapo akakoroga bila kuacha, huku akisimulia. Mfuko huu alikuwa ameupeleka Dar kwa mwanawe. Mkwe wake ni mtu wa Moshi, binti mzuri, mwenye heshima, ila hazijui, alidhani ni dawa. "Nikaona zitakaa mpaka ziliwe na panya. Nikamwachia nusu, nikamwonyesha, nusu nikarudi nazo." Alisema bila kinyongo. Mafuta ya karanga yakaanza kupanda juu, madoa ya rangi ya dhahabu, tone moja la mafuta ya kupikia halikutiwa.

Tulikula abiria tisa au kumi, pamoja na wale watoto, kwenye masinia mawili, ugali wa dona. Mwenye nyumba alikataa pesa, akakubali tu tununue asali yake, na tulinunua sote. Ladha ya nsansa haifanani na ya majani mabichi. Kuna uchungu mdogo, kuna uchachu wa mbali, na ule utafunaji wake unaokulazimisha kula polepole. Kijana mmoja wa Dar alisema hajawahi kula mboga inayoshibisha kama nyama.

Mimi nilikula mawazo yangu yakiwa Mbagala, kwetu Dar, nilikokulia. Nsansa zetu zilikuja na treni, kila ndugu akitoka Tabora alibeba mfuko, na marehemu mama alizihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko chini ya kitanda chake. Hakuzipika ovyo. Zilitoka mwisho wa mwezi, mshahara wa baba ukiwa umekatika, au siku mama alipokuwa na mawazo yake. Majirani zetu wa Kizaramo walikuwa wakituletea matembele ya nazi, na kwa kuwa bakuli la mtu halirudi tupu, mama alilirudisha na nsansa. Mama mmoja wa nyumba ya tatu alizipenda hadi akawa anatuma mtoto kuuliza kama treni imeingia.

Lakini zile za porini, pamoja na utamu wake wote, hazikuwa za mama. Kuna kitu kilipungua, na nilishindwa kukitaja.

Bomba lilifika usiku, tukaingia Tabora alfajiri tukiwa tumeganda kwa baridi. Kuomba fidia ya chakula hakukufua dafu, tuliambiwa tushukuru tumefika. Siku zilizofuata zilikuwa za wagonjwa wa kuwaona, makaburi ya kusafisha na shamba la kugombewa, hayo ni ya ukoo. Sokoni nsansa nilizikuta kwa bakuli shilingi 2,000, karibu na uyoga mkavu ambao bei yake imepanda hadi unadhani ni nyama.

Nilimsimulia mama mkubwa habari za kule porini, nikamwambia jinsi ladha ilivyokuwa imekosa kitu. Akauliza swali moja tu: yule mama alitumia karanga mbichi au za kukaanga? Mbichi. Akatikisa kichwa.

"Hapa wote tunatwanga mbichi. Mama yako ndiye alikuwa anakaanga. Alianza alipohamia Dar. Aliniambia karanga za madukani kule zinakaa sana, zina harufu ya gunia, akawa anazikaanga mpaka zibabuke kidogo ili harufu iishe. Alipokuja hapa likizo akatupikia hivyo, bibi yako akamgombeza kwamba ameunguza mboga. Hakuacha."

Nilikaa kimya. Miaka yote niliamini ile harufu ya kuungua kidogo ndiyo Tabora yenyewe, kumbe ilikuwa Mbagala, ilikuwa duka la mtaani kwetu na mama anayepambana na gunia la karanga la zamani. Mama mkubwa alinipa karanga za shambani kwake za kurudi nazo, mpya, hazina harufu yoyote, akanisisitiza nisizikaange, nitaziharibu. Nimeitikia. Nikifika nyumbani nitazikaanga.