Nimeshalipa, sasa niingie wapi?

Juma hili tumehama Umoja, Zuhura ametolewa plasta mkononi, na bado kinachoninyima usingizi ni sauti ya mama mmoja wa Kariobangi, mwanafunzi wa masomo yangu ya ushonaji ya mtandaoni, aliyenipigia simu Jumanne jioni, cherehani ikinguruma nyuma yake.

"Mwanangu, nimeshalipa. Sasa niingie wapi?"

"Mama, fungua kile kiungo nilichokutumia."

"Nimekifungua. Nauliza niingie wapi."

Nilimjibu, kwa ukali ambao wakati ule sikuuona, kwamba maelezo yote yapo pale pale. Akanyamaza, kisha akasema, "Haya basi, mwanangu," kama mtu anayekusamehe kabla hujaomba radhi. Hiyo "haya basi" imenifuata jikoni, imenifuata hadi ndani ya matatu.

Usiku ule niliazima simu ya Shangazi, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, nikajiandikisha kama mwanafunzi mpya. Nilipokewa na vitufe sita: wasifu, mipangilio, maktaba na vingine nilivyoviweka mwenyewe kwa majivuno, huku somo la kwanza, la kuchukua vipimo vya sketi ya shule, likiwa chini kabisa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, tumezoea kwamba fedha ikitoka tu, ujumbe unaingia ukikutajia kiasi, aliyepokea na salio. Mimi nilipokea fedha za yule mama nikamwacha amesimama mlangoni. Miezi mitatu nilihangaika na njia ya kumfikisha kwenye malipo, na hatua inayofuata malipo sikuiwazia hata kidogo.

Ajabu ni kwamba kuirekebisha kulinipa raha. Nilitandaza sakafuni karatasi ya kukatia nguo, nikaichora njia nzima kwa chaki ya fundi, nikafuta kila kichochoro. Sasa malipo yakiingia, mwanafunzi hupata ujumbe wenye jina lake na kiungo cha somo la kwanza, na kila somo lina kitufe kimoja tu cha kusonga mbele, juu yake picha ya kipande anachopaswa kuwa amekimaliza.

Leo Ijumaa nimeona kwamba yule mama alifungua masomo mawili saa kumi na moja alfajiri, akakomea la tatu, la zipu. Sijui kama ni zipu iliyomshinda au bando lilimwishia. Kesho nitampigia, nianze na radhi.

Mfereji wa nyumba hii mpya nao unatoa hewa tu. Mlinzi anasema maji huja Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa jana.